Kigunduzi cha Rada cha Daktari Lorna

Mji wa Garnsey umekaa katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas kama kifungo kwenye koti kuukuu: mdogo, umeshonwa imara, wala hakuna anayeujali mpaka siku ukikosekana. Una barabara kuu moja, ghala la nafaka lililo refu kuliko mnara wa kanisa, mkahawa mmoja, na pembeni mwa benki kuna karakana yenye bango jekundu lililofifia kwa jua: KREHBIEL – REDIO, VING'ORA NA VIGUNDUZI VYA RADA. Hapo ndipo Wendell Krehbiel alipofunga vyombo vya umeme kwenye magari ya watu kwa miaka thelathini na minne.

Wendell alikuwa mtu wa miaka sitini na sita, mrefu, mwenye mkono mwepesi na shingo iliyosimama wima kama mlingoti. Aliijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Hilo la pili ndilo lililomponza. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kufunga vigunduzi vya rada, vile vidude vya kubandika juu ya kioo cha mbele, vinavyonusa mionzi ya tochi ya polisi ya kupimia mwendo na kumpigia dereva kelele kabla hajaingia mtegoni. Sheria ya Kansas haivikatazi, na vijiji vya pande zile vina askari wenye subira ya paka aliyekaa mbele ya shimo la panya. Wateja hawakuwa haba.

Kwa miaka tisa alikuwa na fundi mwenzake, Marisela Quintana, mwanamke mwenye akili nyepesi na maneno machache. Siku moja Marisela alimwambia kwamba magari ya umeme yanakuja, na kwamba ingefaa wote wawili waende Wichita wakasome kozi ya wiki mbili. Wendell aliangua kicheko mbele ya wateja wanne waliokuwa wakingoja magari yao.

“Marisela, mimi ndiye niliyekufundisha kushika koleo, leo unataka kunipeleka shule? Lile si gari, ni mashine ya kufulia nguo iliyowekewa magurudumu. Ukitaka kufua, nenda kafue!”

Wateja nao wakacheka. Marisela akafuta mikono, akatundika aproni yake ukutani, akatoka. Mwezi uliofuata alifungua karakana yake mwenyewe mjini Dellwood, maili thelathini na tano upande wa mashariki. Miaka mitano ilipita, na jina lake halikutamkwa tena katika karakana ya Krehbiel.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, gari la kijivu liliingia uani kimyakimya kama mwizi wa kuku. Lilikuwa gari la umeme, lakini matope yalikuwa yamelipanda hadi kwenye vioo, na nyuma mlijaa madumu, mabuti ya mpira na minyororo ya kuvutia ndama. Aliyeshuka alikuwa Lorna Unruh, daktari wa mifugo, na wa pekee aliyebaki kwa wilaya tatu nzima.

“Wendell, nimekwisha,” alisema hata kabla hajafunga mlango. “Nimeshapigwa tochi mara mbili tangu Januari. Nikipigwa ya tatu kabla mwaka haujazunguka, leseni inafungiwa. Sasa niambie, mimi nikifungiwa, ng'ombe aliyekwamwa na ndama atazalishwa na nani? Na wewe na koleo lako?”

“Lakini Daktari, dawa ya tiketi si kupunguza mwendo tu?”

“Hicho ndicho kilichonileta. Hili gari halina mlio. Lile langu la zamani likifika maili hamsini lilikuwa linakoroma kama mgonjwa wa pumu, nilikuwa nasikia. Hili linateleza tu. Natoka kwenye barabara ya maili sitini na tano, naingia Ottley ambako mwisho ni thelathini, kichwani nawaza kizazi cha ng'ombe kilichopinduka, mara naona taa za askari nyuma yangu. Nataka kitu cha kunizindua.”

Wendell alichukua kigunduzi kimoja rafuni, kile alichowafungia watu kwa miaka mingi na alichokuwa nacho kwenye gari lake mwenyewe. Daktari Lorna akakitazama, halafu akatoa simu yake.

“Nimesoma kidogo. Wanasema magari ya siku hizi yana rada zao ubavuni, za kuangalia nani anakuja pembeni, kwa hiyo kigunduzi cha zamani kinazipigia kelele zote. Tena eti kioo cha mbele cha gari hili kina utando wa madini ndani yake...”

“Eti, eti,” Wendell alimkatiza akitabasamu. “Daktari, mimi sijawahi kukufundisha kukata kwato. Waya ni waya.”

“Umewahi kufunga kwenye gari la umeme?”

Hakuwa amewahi hata mara moja. Neno “hapana” lilimpanda mpaka kooni, likakutana na ile shingo ngumu, likarudi lilikotoka.

“Nimefunga vidude hivi tangu wewe unavaa sare ya shule,” akasema.

Hilo halikuwa jibu, lakini Daktari alikuwa na farasi anayemngoja, akaliridhia. Wendell alikibandika kigunduzi katikati ya kioo, akafungua dari juu ya kioo cha kutazamia nyuma, akatafuta waya wenye moto, akaubana kwa kibanio chake na kuuunganisha. Nusu saa haikufika. Kigunduzi kikawaka taa, kikalia mlio mmoja safi, na Wendell akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza mjadala.

Siku ya nne, Alhamisi, Daktari Lorna alirudi. Hakupiga kelele. Wendell angependa kama angepiga.

“Kidude chako kinalia kila gari linaponipita,” alisema. “Kinalia dukani mlango ukijifungua. Kinalia kama mtoto mwenye mchango. Nikakipunguza sauti ili nisipate wazimu. Jumanne nikapita Ottley, askari yule pale nyuma ya ghala ananimulika, kidude kimya kabisa! Amenisimamisha. Amenisamehe kwa sababu nilimtibia mbwa wake, na ameniambia hakuna msamaha wa pili.”

“Labda marekebisho kidogo tu...”

“Sijamaliza. Jana alfajiri Amos Penner amenipigia simu, mtamba wake amekwama. Natoka mbio, gari limekufa. Mlango haufunguki, kioo cha dashibodi cheusi. Betri ile ndogo, ile inayoliamsha gari, imenyonywa hadi tone la mwisho. Na aliyeinyonya ni kidude chako, kimewaka siku mbili mfululizo hata gari likiwa limelala. Penner ilibidi aje kunichukua. Nilipofika, ndama alikuwa ameshakufa.”

Nje, lori la nafaka lilipita likitetemesha madirisha.

“Nilikuuliza kama umewahi,” Daktari akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. “Ungesema hapana, Wendell, nisingekudharau. Ningeenda kwingine, au ningengoja. Kitoe. Nampelekea Marisela.”

Wendell alihisi damu ikimpanda masikioni. Maneno kumi ya kujitetea yalimjia, yote mazuri. Aliyaacha yapite.

“Nimekosea,” alisema. “Niachie gari hadi keshokutwa. Chukua langu. Likirudi kwako na kasoro hata ndogo, mimi mwenyewe nitakuwa dereva wako mpaka Januari.”

Daktari alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyomtazama mnyama ambaye haijulikani kama atasimama tena. Kisha akamrushia kadi ya kuwashia gari. “Jumamosi saa mbili asubuhi,” akasema.

Kitu cha kwanza alichofanya Wendell siku ile hakikuwa cha ufundi. Alipanda gari la mkewe akaenda kwa Amos Penner, akamkuta ameegemea lango la zizi, anatafuna jani la nyasi.

“Amos, yule ndama amekufa kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyefunga waya vibaya kwenye gari la Daktari.”

Penner alitafuna kwanza. Hakuwa mtu wa kuharakisha neno. “Mama yake kapona,” alisema hatimaye. “Sasa mimi usinipe pole. Pole yako haina maziwa. Nenda kakifunge kile kitu mpaka kifungike.”

Basi Wendell alijifungia karakanani, akajikaza kisabuni. Alikitoa kigunduzi, akakiunganisha kwenye waya wa pili. Kioo kikubwa cha dashibodi kikajaa maonyo ya manjano. Akajaribu wa tatu. Maonyo yakawa mekundu. Alifungua vitabu vyake vya michoro ya magari, vile alivyovifahamu kama msalihina anavyofahamu zaburi, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na gari lisilo na injini. Ijumaa adhuhuri ilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imening'inia magotini.

Mkewe, Bernadine, aliingia na sahani ya mikate ya moto iliyojazwa nyama na kabichi. Alimwangalia akila.

“Umekula mmoja tu. Ama umeugua, ama umeshindwa.”

“Sijashindwa.”

“Basi umeugua. Ugonjwa wa shingo.”

“Bernadine, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Unajua vizuri nani anayeijua kazi hii.”

“Simjui mtu yeyote.”

“Humjui! Mwaka wa tano huu humjui, lakini gari lake likipita hapo barabarani unalisindikiza kwa macho mpaka linapotelea kwenye ngano.” Bernadine akachukua sahani. “Penner amekwambia nini? Ukifunge mpaka kifungike. Hakusema ukifunge peke yako.”

Wendell akainuka, akakirudisha kigunduzi kilekile mahali pake, maana alitaka kukisikia kwa masikio yake njiani. Akaketi nyuma ya usukani wa gari la umeme kwa mara ya kwanza maishani mwake, akashika njia ya Dellwood.

Kweli kidude kililia kama alivyoambiwa. Kililia kwa lori, kikalia kwa gari dogo lililompita, kikalia kwa gari la maziwa. Kufikia maili ya kumi Wendell alikuwa anakijibu kwa matusi. Alikuwa akiyapanga kichwani maneno atakayomwambia Marisela, anayapangua, anayapanga upya. Bango la Ottley likapita. Kidude kikanyamaza kimya. Wendell akashukuru kwa ule utulivu, na bado alikuwa anashukuru alipoona taa za buluu na nyekundu kwenye kioo cha nyuma.

Askari alikuwa Clint Wiebe, kijana mnene mwenye uso wa ucheshi. Aliinama dirishani, macho yakamtoka pima.

“Bwana Krehbiel! Si ndiye wewe unayewauzia watu vidude vya kutuchenga? Na hili si gari la Daktari?”

“Ndilo. Nilikuwa naenda ngapi?”

“Arobaini na saba kwenye thelathini.”

“Haiwezekani! Sijasikia hata...” Wendell akakwama. Alitaka kusema “hata mlio”. Alitazama usukani, akatazama dashibodi iliyotulia kama maji ya mtungini, na hapo ndipo alipomwelewa Daktari Lorna, si kwa masikio tu, bali kwa mwili mzima. “Andika tiketi,” akasema. “Andika, nimeipata kihalali.”

“Mbona unacheka, bwana?”

“Kwa sababu nimeijua kazi niliyopewa, Clint. Wiki nzima nilikuwa siijui.”

Karakana ya Marisela ilikuwa na milango mitatu na yote ilikuwa na magari. Kwenye benchi la wateja waliketi watu watano. Marisela alikuwa kaunta, miwani imepanda kichwani, nywele zimeanza mvi ambazo Wendell hakuzijua. Alimwona, akaendelea kuandika.

Wendell angeweza kumwita pembeni. Njia nzima alikuwa amejiambia hivyo: atamwita pembeni. Lakini alipoliona lile benchi alikumbuka benchi jingine, akapiga moyo konde, akasimama katikati ya sakafu.

“Marisela, miaka mitano iliyopita nilikucheka. Ulisema kweli, nami nilikutukana. Nimekuja kuomba radhi.”

Marisela aliinua uso. “Umesema kwa sauti ndogo. Siku ile ulicheka kwa sauti kubwa.”

Mzee mmoja kwenye benchi alishusha gazeti lake. Wendell akavuta pumzi, akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika hadi kwa mafundi waliokuwa nyuma. Masikio yalimwaka moto. Alipomaliza aliongeza: “Na kuna ndama amekufa kwa sababu nilijifanya najua. Nataka nijue kweli.”

Marisela alishusha miwani machoni.

“Lete ufunguo.”

“Halina ufunguo. Lina kadi.”

“Najua. Nilitaka kuona kama wewe unajua.” Mdomo wake ulicheza kidogo, karibu na tabasamu, haukufika. “Nisikilize, Bwana Krehbiel. Mimi sikufungii. Nakuonyesha, unafunga kwa mikono yako. Na nikisema toa, unatoa.”

Walianza na kuchagua. Marisela alileta vigunduzi vitatu, na tochi kuukuu ya polisi aliyoinunua mnadani. Alimketisha Wendell ndani ya gari kando ya barabara, yeye akatembea mbali mpaka karibu na mnara wa maji, akammulika. Kigunduzi cha kwanza, kikiwa katikati ya kioo, hakikusikia kitu. Akampigia simu: “Kisogeze juu, kando ya kioo cha kutazamia nyuma. Hapo pana kiraka cha kioo kisicho na utando.” Wendell akakisogeza upana wa viganja viwili tu, na kidude kilichokuwa kiziwi kikapiga ukelele. Alikaa pale anakitazama. Utando! Daktari alikuwa amemwambia, naye akasema eti, eti.

Hicho na cha pili vilisikia tochi vizuri, lakini vilisikia na kila gari lililopita. Cha tatu kilikaa kimya magari kumi na mawili yakipita, Wendell akiyahesabu moja moja. Na Marisela aliponyanyua tochi, kikanguruma.

“Zamani ulikuwa unachagua kimoja unawafungia watu wote,” Marisela alisema aliporudi, anahema kidogo. “Siku hizi gari ndilo linalochagua, si fundi. Kazi yako ni kuliuliza.”

Kisha ikaja kazi yenyewe. Marisela alifunua kifuniko cha mbele, akamwonyesha kebo nene za rangi ya machungwa. “Hizi usiziguse hata ndotoni. Zinaua.” Akaizima betri ndogo. Halafu akafungua mlango wa abiria, akaonyesha kwa kidole chini kabisa, kule miguu ya abiria inakokaa, nyuma ya paneli nyeusi. “Waya unaoutaka uko huko. Hauonekani ukiwa umesimama. Hauonekani hata ukiwa umechuchumaa.”

Wendell aliitazama ile nafasi. Goti lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji mara mbili. Mafundi watatu wa Marisela, wote wakiwa na umri wa watoto wake, walikuwa wamesimama wanatazama. Akavua kofia, akalala chali sakafuni, akajisukuma kinyumenyume mpaka kichwa kikaingia chini ya dashibodi na miguu yake mirefu ikabaki nje uani kama ngazi iliyoangushwa.

Safari ya kwanza aliuchukua waya kutoka chini, akaupandisha kwenye nguzo ya mlango hadi darini. Marisela alifungua paneli ya nguzo, akatikisa kichwa. “Toa. Umeupitisha mbele ya mfuko wa hewa. Siku ya ajali mfuko utafumuka na kumpiga Daktari waya usoni. Unapita nyuma yake.”

“Nimepitisha hivi kwa miaka thelathini na...” Wendell alianza. Sauti yake ilisikika ngeni ikitokea kule chini. Akanyamaza. “Nionyeshe,” akasema.

Safari ya pili waya ulipita sawa. Marisela alifunga mita yake ya kupimia umeme, wakalifunga gari, wakangoja lilale. Wakanywa kahawa. Baada ya nusu saa mita ilikuwa bado inasoma. “Waya huu haulali,” Marisela alisema. “Ndio ndugu wa ule ulioua betri. Toa.”

Goti lilikuwa linamwuma kama jino bovu. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa jasho na mafuta. Fundi mmoja alimnong'oneza mwenzake, “Mzee ataacha.” Wendell alisikia. Alilala tena chali, akaomba taa ndogo, na safari hii, kabla ya kugusa chochote, aligusa kila waya kwa ncha ya kidole na kuuliza: “Huu ni wa nini? Na huu?” Katika miaka tisa waliyofanya kazi pamoja, Marisela hakuwahi kumsikia akiuliza swali hilo. Alipiga magoti kando ya mlango, akamjibu mmoja mmoja.

Safari ya tatu gari lilipolala, mita ilishuka, ikashuka, ikatulia kwenye sifuri. Marisela alingoja dakika tano nyingine ili ahakikishe. Kisha akamnyooshea mkono, akamvuta Wendell kutoka chini.

“Nilikungoja miaka mitano,” alisema, bila kumwangalia, akifuta mita. “Si uombe radhi. Uulize.”

Jumamosi saa mbili kamili Daktari Lorna alikuwa uani kwa Krehbiel. Hakutaka maelezo, alitaka barabara. “Panda,” alimwambia Wendell. Gari liliamka mara tu alipoligusisha kadi. Walipita malori mawili na msururu wa magari ya watu wanaokwenda mnadani, kidude kimya. Daktari alimtupia Wendell jicho la shaka. Maili moja kabla ya Ottley kikanguruma, chini kwa chini, kama mbwa aliyesikia hatua za mgeni. Daktari alitazama mwendo wake: hamsini na nane. Akaachia. Walipita kando ya ghala wakienda thelathini kamili, na Clint Wiebe, tochi mkononi, akainua kofia.

“Kimenizindua,” Daktari alisema polepole. “Wendell, hicho ndicho nilichotaka. Si kumchenga yule. Ni kuzinduliwa.”

Kabla Wendell hajajibu simu ililia. Mfugaji mmoja kaskazini ya Ottley, ng'ombe amekwama tangu alfajiri. Daktari hakumwuliza abiria wake, aligeuza usukani.

Zizini Wendell alisimama kando, hajui mikono yake aiweke wapi. Ng'ombe alikuwa ameanguka kwenye kona mbaya, amelala, hainuki. Daktari Lorna, mwanamke aliyeheshimiwa na wilaya tatu, alivua koti, akalala kifudifudi kwenye majani yaliyochanganyika na samadi, shavu lake likagusa sakafu, mkono ukazama hadi begani. Alifumba macho. “Kwato... kwato ya pili iko wapi... nimeipata. Wendell! Mnyororo! Shika hapa, vuta nikikwambia, usivute kabla.”

Alilala na yeye kwenye samadi ile. Walivuta, wakapumzika, wakavuta. Mara ndama akatoka mzimamzima, mrefu na mwenye kuteleza, akaanguka mikononi mwao. Daktari akamsugua kwa majani, akamsafisha pua. Ndama akapiga chafya. Akatikisa masikio. Wendell Krehbiel, shati la pili kuharibika kwa siku mbili, alijikuta anacheka na machozi yanamtoka.

Walipotoka nje gari lilikuwa limelala jua kali likiliwakia. Daktari akaligusisha kadi kwa mkono wenye damu, nalo likaamka papo hapo.

Mwaka ulizunguka bila Daktari Lorna kupata tiketi ya tatu, na tangu Mei ile hakuna mfugaji aliyemngoja kwa sababu ya waya. Wendell alilipa tiketi yake mwenyewe bila kunung'unika. Mwezi wa Agosti alikwenda Wichita, akaketi mstari wa mbele darasani na daftari jipya, na kila mwalimu alipouliza nani hajaelewa, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka. Aliporudi, waliomwona walisema shingo yake imelegea na kazi yake imenyooka. Na hilo si ajabu, kwani siku zote mtaka cha mvunguni sharti ainame.